Mita 15 kila upande: maneno ya mstaafu wa reli kwa watu wa Tabora

Mwangaluka!

Mmeitikia kama abiria wa daraja la tatu ambao treni yao imechelewa toka jana. Basi, tusiwacheleweshe zaidi.

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wangu, walimu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nashukuru kuitwa. Barua ya mwaliko ilisema nije nizungumze juu ya treni za mijini. Nilipoisoma nilicheka, mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, wanataka niwapelekee treni ya chini ya ardhi Tabora. Akasema, waambie kwanza walete taa za barabarani huku kwetu.

Mimi si mhandisi. Nimefanya kazi ya njia miaka 34. Nilianza na mtaimbo kwenye genge la wafanyakazi wa njia, napiga mataruma yanayolalia reli na kushindilia kokoto, nikawa mnyapara, nikamaliza mkaguzi wa njia, napita na kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, asubuhi kuangalia kama mvua ya usiku imetuachia reli au imeondoka nayo. Kwa hiyo mtanisamehe nikiiona dunia yote kutoka chini, kwenye kokoto. Nimesoma vilevile, nimestaafu na muda ninao. Nimesoma habari za miji mingi yenye treni, na kila nikisoma naangalia kitu kimoja: ile njia waliipata wapi?

Na jibu linanirudia lilelile. Treni ya mjini hurithiwa. Mji unaobeba watu wake vizuri kwa reli, mara nyingi umeikuta njia imeshawekwa na watu waliokuwa na haja nyingine kabisa. Kazi ya wenyeji ilikuwa kutoipoteza. Na mirathi mnaijua wenyewe: wajomba huuza shamba kabla mtoto hajamaliza shule.

Chukueni Cairo. Ndiyo ya kwanza Afrika kuwa na metro, treni ya mjini inayopita chini ya ardhi, mwaka 1987. Mtu akisikia metro anadhani Wamisri walichimba mji mzima. Hapana. Walikuwa na reli mbili za zamani za kitongoji: moja ilitoka kusini, Helwan, ikaishia pembeni mwa mji, nyingine ilitoka kaskazini, ikaishia pembeni kwa upande wake. Katikati abiria alishuka akajitafutia. Walichofanya ni kuchimba handaki lisilofika hata kilometa 5 chini ya katikati ya mji, wakaziunga hizo mbili. Wakapata njia moja ya zaidi ya kilometa 40. Kilometa tano za jasho, thelathini na kitu za urithi. Lau zile reli za zamani zingekuwa zimeshavamiwa na maduka, leo Cairo ingekuwa inahesabu hasara.

Lakini Cairo ni mbali. Twendeni Dar es Salaam, ambako kila mmoja wenu ana ndugu anayemdai nauli.

Reli yetu ya kati Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905. Ilifika hapa Tabora 1912, Kigoma mwaka 1914. Hakuna Mjerumani aliyelala akiota mama wa Buguruni anayetaka kuwahi kazini Posta. Walitaka kulifikia Ziwa Tanganyika, wateremshe mizigo na wapeleke meli yao kwa vipande ikaungwe kule Kigoma, hiyo ambayo leo tunaiita Liemba. Mji wa Dar ulikuwa kijipande kando ya bandari. Reli ikatoka mjini, ikakata mashamba, ikaenda zake.

Kisha mji ukaifuata. Buguruni, Tabata, Gongo la Mboto, Pugu, vyote vikakua vikaizingira reli. Watu walijenga wakitazama barabara, wakaipa reli mgongo. Treni ya kwenda bara ilipita pale dirishani kwao mara chache kwa wiki, haisimami. Sensa ya 2012 ikahesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika mkoa ule, na wote, karibu wote, wamesimama kituoni wakisubiri daladala.

Ndipo tarehe 29 Oktoba 2012 serikali ikaanzisha treni ya mjini. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na mpaka leo wapo wasioijua kwa jina lingine. Ilikuwa safari mbili tofauti. Moja ya kampuni yetu ya reli, kutoka Stesheni mpaka Ubungo Maziwa. Nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka stesheni yao mpaka Mwakanga. Baadaye ikaongezwa ya Pugu. Angalieni sasa: hakuna hata mita moja ya njia mpya iliyotandikwa kwa ajili ya mwanzo ule. Njia zilikuwepo. Mabehewa na vichwa vya treni vilikuwa ni vilevile vya zamani, vikafanyiwa matengenezo. Kilichokuwa kipya ni uamuzi wa kusimama.

Mimi nilikuwa Dar mwezi uliofuata, kwa binti yangu. Nikamwambia kesho naipanda. Akasema, Baba, utabanwa. Nikabanwa kweli. Saa 12 asubuhi Ubungo Maziwa watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kokoto, wengine wanatandika khanga waketi. Treni ikaja, tukaingia kama magunia. Kijana mmoja akanipisha kiti, Mungu ampe maisha marefu, nikakaa karibu na mlango.

Wengine walikuwa wanatazama saa zao. Mimi nilikuwa nasikiliza. Wanafunzi, hili liandikeni. Reli za zamani zimeungwa vipande vipande, na gurudumu likipita kwenye ungio linalia: ta-ta, ta-ta. Kama kila kipande kina mita 12, hesabu milio kwa sekunde 43. Idadi utakayopata ndiyo kilometa kwa saa. Kapigeni hesabu nyumbani mtaona ni kweli. Nikahesabu: ishirini na nane. Mwendo wa bodaboda mwenye adabu. Lakini dirishani, pale reli inapokata barabara, niliona magari yamefungiwa geti, foleni imelala, na madereva wa daladala wanatutazama kama watu tuliowaibia. Kondakta mmoja akatupungia mkono. Behewa zima likapiga kelele.

Nilishuka Stesheni nikiwa nimelowa jasho na nimefurahi kama mtoto. Halafu nikaanza kufikiri kama mtu wa njia, na furaha ikapungua.

Treni ile ilikuwa inakwenda asubuhi na jioni tu. Watu wakalalamika: kwa nini isiende kutwa? Kwa nini isiwe kila dakika kumi? Wakasema ni uzembe. Jamani, si lazima uwe uzembe. Ngojeni niwaonyeshe. Mheshimiwa diwani, niazime kalamu yako. Na wewe mwalimu, ya kwako. Asante.

Meza hii ni reli moja, kutoka ukingo huu mpaka ule. Kalamu hii ni treni. Kuvuka meza inachukua dakika 30. Ikitoka hapa, hakuna treni nyingine inayoweza kutoka kule kuja huku, maana zitakutana katikati, na treni hazipishani kama mbuzi. Kwa hiyo inakwenda dakika 30, inarudi dakika 30. Abiria wa hapa anaona treni kila baada ya saa nzima. Ununue vichwa kumi vipya vinavyong'aa, bado ni saa nzima. Sasa katikati ya meza naweka njia ya pembeni, fupi tu, ya kupishana. Kalamu ya pili inatoka kule. Zinafika hapa katikati pamoja, moja inaingia pembeni, nyingine inapita. Ghafla abiria anapata treni kila nusu saa. Sijanunua kasi yoyote. Nimenunua urefu wa treni moja wa njia ya pembeni, na pointi mbili, zile za kuihamisha treni kutoka njia hii kwenda ile.

Basi siri ya reli moja ni hiyo. Uwezo wake haupimwi kwa treni ulizonazo, hupimwa kwa mahali pa kupishana. Na juu ya hapo, reli ile ile ya Dar inapitisha treni za mizigo za bandari na treni za abiria za bara. Wote hao wanaomba kupishwa.

Haya, si mweke njia za kupishana! Nimeulizwa hivyo mara mia. Njia ya pili inataka kukaa mita kama 5 kutoka ile ya kwanza. Jukwaa la abiria linataka mita zake 3 au 4. Mtaro wa maji unataka nafasi, maana reli bila mtaro ni bwawa. Jumlisheni. Na pembeni mwa reli ya Dar, kwa miaka mingi, pale panapotakiwa mtaro pana jiko la mtu.

Kuna jambo lingine la Dar ambalo huniuma nikilikumbuka. Zile treni mbili, ya kwetu na ya TAZARA, hazikuweza kuazimana hata behewa moja. Reli yetu ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa miaka ya sabini kwa msaada wa Wachina ikaungane na reli za kusini mwa Afrika, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, karibu upana wa vidole vinne. Mji mmoja, treni mbili za mjini, na ikiharibika kichwa kimoja huku, kile cha kule kinakutazama tu. Na sasa imekuja ya tatu, SGR, ile reli mpya ya kisasa, milimita 1,435. Dar ina reli za wake watatu, na kila mke na chungu chake.

SGR nimeipanda, nisionekane mzee wa kulaumu. Safari za Dar na Morogoro zilianza Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata. Inateleza. Nilitega sikio nihesabu milio, sikupata kitu, kwa sababu reli zake zimechomelewa zikawa moja. Nikajiona nimestaafu kweli. Lakini katikati ya Dar tazameni ilivyopita: imepandishwa juu, kwenye daraja refu, inaruka barabara. Wamefanya vizuri, treni ya kasi ya kilometa 160 kwa saa haiwezi kufungiwa geti na bajaji. Ila kuipandisha juu ni gharama, na sehemu ya gharama hiyo ndiyo bei ya mji uliojaa kabla haujajipangia.

Lagos nitaipitia haraka, japo ni kisa kitamu. Walipanga treni yao mwanzoni mwa miaka ya themanini, chini ya gavana Lateef Jakande. Mwaka 1985 serikali ya kijeshi ya Buhari ikaufuta mpango. Miaka ikapita, na Januari 2023 kipande cha kwanza cha treni ya Lagos kikazinduliwa na rais wa Nigeria, ambaye ni nani? Buhari yuleyule, safari hii kavaa kanzu. Abiria wakaanza kupanda Septemba mwaka huo. Kilometa 13, baada ya miaka arobaini. Nani anajua mji ule ulimeza ardhi kiasi gani katikati hapo.

Na Addis Ababa, hao hawakurithi, walinunua vipya vyote. Mwaka 2015 walifungua treni nyepesi ya umeme, njia mbili, zaidi ya kilometa 30, kwa mkopo mkubwa wa China. Ilikuwa fahari. Miaka haijapita mingi, treni nyingi kati ya 41 walizonunua zikawa zimesimama kwa kukosa vipuri. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo. Kwenye genge tulikuwa na msemo wetu: kokoto hazijui kama reli ni mpya. Siku ya kufungua huwa kuna bendi. Siku ya kununua pedi ya breki hakuna bendi.

Sasa Tabora.

Niseme wazi, na mheshimiwa mbunge akinisikia anisamehe: Tabora haihitaji metro. Tuna watu zaidi ya 300,000 katika manispaa, mji umetandaa tambarare, miembe kila upande, na bodaboda anakufikisha mlangoni kabla hujamaliza kumpigia mgonjwa wako simu. Mtu akija hapa na michoro ya treni za juu kwa juu, mpeni maji ya kunywa, mpeni na asali, kisha mmsindikize stendi.

Lakini tazameni tulichorithi. Dar wana reli inayotoka upande mmoja. Sisi hapa ndipo reli zinapogawana: moja inakwenda Dar, moja Kigoma, moja Mwanza, hii ya Mwanza ikifika ziwani mwaka 1928. Upande wa mashariki kuna Igalula na Goweko. Upande wa magharibi Usoke na Urambo. Kaskazini Bukene. Kila stesheni hiyo ina watu wanaokuja Tabora mjini kuuza tumbaku, karanga, kuku, kuja Kitete hospitali, kuleta watoto shule. Wanakuja kwa Noah zilizobeba watu kumi na wawili. Na SGR inajengwa, kutoka Makutupora kuja hapa, na kutoka hapa kwenda Isaka na kwenda Kigoma. Ikishaanza, safari ndefu zitahamia huko. Ile reli ya zamani ya mita geji, inayoingia mpaka moyoni mwa mji wetu, itabaki na mizigo na nafasi. Ndipo mtoto mmoja wa hapa, pengine aliyesimama pale nyuma, atauliza: kwa nini treni ndogo ya mabehewa manne isitoke Usoke alfajiri ikarudi jioni?

Swali zuri. Na jibu lake litategemea tulichofanya sisi kando ya reli mwaka huu.

Niwaambie kibanda kinavyozaliwa, nimekiona kwa macho nikiwa kwenye kiberenge. Jumatatu kuna mwavuli, na chini yake beseni la matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Unapita unasalimia, unanunua. Baada ya mwezi kuna meza. Masika ikija, meza inapata turubai. Turubai linachanika, zinakuja mabanzi. Mwizi anavunja mabanzi, linakuja bati na kufuli. Mwaka wa tatu chini ya bati kuna tofali tatu, halafu nne. Siku moja unapita umechelewa, kokoto zimelowa, unataka kusimama ukague ungio, huna pa kuweka mguu. Na mwenye fremu anatoka na karatasi yenye mhuri. Ndiyo, mhuri. Kuna ofisi, siitaji, iliwahi kumpa mtu kibali cha kujenga mahali ambapo mimi nilikuwa naegesha kiberenge. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa faili linatafutwa. Nimestaafu linatafutwa.

Sheria ya reli ilishasema hifadhi ni mita 15 kila upande kwa mjini, kupima kutoka katikati ya reli, na mita 30 nje ya mji. Si nyingi. Hatua 20 za mtu wa wastani. Ndani ya hatua hizo 20 ndimo njia ya kupishana itakamokaa, na jukwaa, na mtaro, na mahali pa mama kushuka na debe lake la asali asipondwe. Dar walilala, wakaja kuamka na rangi nyekundu, alama ya X kwenye kuta za watu, watoto wanalia, tingatinga linanguruma. Nisingependa kuliona hilo Tabora. Aliyewekewa X mara nyingi si mkorofi. Ni mtu aliyeachwa atandike mwavuli miaka kumi bila kuambiwa neno.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa ni dogo, halina hata bajeti ya kutisha. Wekeni nguzo. Nguzo za zege, zipakwe rangi nyeupe, kila hatua mia, kutoka geti la mashariki mpaka njia panda ya Mwanza. Wanafunzi watapima, mimi nitakuja na futi yangu, bado ninayo. Na kwa wale ambao tayari wamo ndani ya nguzo, watafutiwe mahali pa biashara karibu na stesheni mapema, wakati bado ni meza, haijawa tofali. Kuhamisha meza ni asubuhi moja.

Kuhusu mataruma ya zamani yanayochukuliwa usiku kwenda kujengea mabanda ya ng'ombe, hilo nitalizungumza siku nyingine, kwa sababu baadhi ya wenye mabanda nawaona wamekaa hapa. 

Mwalimu, kalamu yako hii. Mheshimiwa, ya kwako imeisha wino, si mimi.

Naona mama pale safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja mita 15, na sijui ameshaanza kuhesabu hatua za kwake. Mama, karibu. Mpeni kipaza sauti.